Uchina au India? Wadogo zangu wa Mbeya someni hapa

Mliomaliza fomu siksi mnaniulizaga sana hili swali la wapi pa kwenda kusoma chuo, mimi nimesoma Harbin kule Uchina na dada yangu kasoma Pune kule India kwahiyo yote mawili nayajua kwa ndani.

Lugha kwanza. India ni Kiingereza, unafika unaanza mwaka wa kwanza moja kwa moja. Uchina ukipata skolashipu ya serikali yao na kozi ni ya Kichina unakaa kwanza mwaka mzima unasoma lugha, na jamani ule mwaka ni mgumu, naandika herufi moja mara hamsini mpaka kidole kinaota sugu, halafu naenda dukani nataka chumvi narudi na sukari. Ila ile skolashipu inabeba ada, hosteli na hela ya kujikimu yuani 2,500 kwa mwezi kwa digrii ya kwanza. Dada yeye alilipiwa na mzee kwa viazi vya Uyole, bei ikishuka sokoni na yeye kule anakula mlo mmoja, iliniuma sana.

Baridi sisi tunajiona tunaijua, weee, Harbin Januari kope zinaganda! Pune hakuna hiyo shida.

WhatsApp Uchina imefungwa, ikabidi mama nimwekee WeChat, app yao ya kuchati.

Mimi nasema hivi, una skolashipu nenda Uchina, unajilipia nenda India, na huko kote ukirudi cheti kinapita TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kukaguliwa, kwahiyo hakikisheni chuo kinatambulika kabla hamjatuma hata senti.