Fuvu la paka la plastiki na mguu wake: miezi mitatu barazani kwangu

Nasomesha tuisheni ya bayolojia barazani kwetu Fuoni, Unguja, jioni baada ya sala ya alasiri. Kila tukifika kwenye wanyama walao nyama huchora ubaoni, na chonge zangu hutoka kama karoti. Mwaka huu nikajikaza, nikaagiza seti kutoka duka moja la vifaa vya skuli kule Kariakoo: fuvu la paka la plastiki, ukubwa wa paka mwenyewe, pamoja na mguu wa mbele uliokatwa ubavuni ili mifupa ionekane. Shilingi 85,000, na nauli ya boti juu yangu. Nilikwenda kuipokea bandarini Malindi ikiwa ndani ya boksi la biskuti, imezongwa magazeti, na hakuna kilichovunjika. Kwa hilo sina lawama.

Nianze na mguu, maana bila huo ningeshairudisha seti nzima. Kila kidole kina mpira mwembamba kwa juu na uzi kwa chini. Ukiuacha ulivyo, mpira unavuta mfupa wa mwisho urudi nyuma, kucha inalala ndani. Ukivuta uzi, kucha inatoka na kuinama kama ndoana. Kwa paka wa kweli ule mpira ni kano inayonyumbuka, na uzi ni kano nyengine inayovutwa na msuli wa mkono. Vijana wangu wote walikuwa wakiamini kwamba paka huficha kucha kwa makusudi. Kumbe kuzificha hakumgharimu kitu, ndipo zinapolala. Kazi anayoifanya ni ya kuzitoa. Mmoja alivuta uzi ule mpaka nikamnyang'anya, nikiogopa utakatika.

Siku ya pili niliwatuma pwani wakatazame nyayo kabla maji hayajajaa. Walirudi na picha kwenye simu: nyayo za mbwa zina vidoti vya kucha mbele ya vidole, za paka hazina. Mbwa kucha zake ziko nje daima, zinasuguliwa na ardhi mpaka zinakuwa butu. Zinamsaidia kukamata ardhi anapokimbia, na windo hulikamata kwa mdomo. Paka hakimbizi masafa. Ananyatia, anaruka mara moja, na zile ndoana ndizo zinazomzuia panya asichopoke mpaka chonge zifike shingoni. Somo lile lilijisomesha lenyewe, nami nikanywa chai yangu kwa utulivu.

Sasa fuvu. Chonge zake nne nzuri, ndefu, na ile nafasi nyuma ya chonge ipo, nayo ndiyo inayoziacha zizame bila kuzuiwa na magego. Tatizo ni taya. Wamelifunga kwa springi, basi linayumba kushoto na kulia kama la mbuzi anayecheua. Mbuzi ndivyo anavyokula, anasaga majani upande kwa upande. Paka taya lake limeshikwa kwenye kiungo kama mlango kwenye bawaba: linafunguka na kufunga, na kwenda upande ni kidogo sana. Mtoto akilishika fuvu hili anaondoka na uongo mkononi.

La pili ni baya zaidi. Paka ana gego moja kubwa juu na moja chini, kila upande, yenye makali, na yakifunga yanapishana kama mkasi. Hapo ndipo nyama inapokatwa, maana paka hatafuni kama sisi, anakata vipande na kumeza. Kwenye fuvu langu magego hayo yanagongana kichwa kwa kichwa, kama ya mtu anayetafuna muwa. Niliweka kipande cha ngozi ya kuku katikati nikabana. Kilitoka kimepondeka, hakina hata mkato.

Halafu msichana mmoja, mkimya sana huyu, akayahesabu meno. Mimi nimeshawaambia ni 30: ya mbele 12, chonge 4, magego 14. Yeye akapata 28. Tukarudia, 28. Kuna gego dogo mno juu, limejibanza nyuma ya lile kubwa, kama punje ya mtama. Mtengenezaji ameliruka pande zote mbili. Pengine aliona halina kazi, na kweli kazi yake ni ndogo, lakini mtihani ukiuliza idadi mtoto ataandika alichokishika.

Aliyenitengenezea somo ni Mchele, paka wetu mweupe. Nilimtupia kichwa cha samaki aina ya changu mbele ya darasa. Akakinusa, akakishika kwa meno ya mbele, kisha akageuza kichwa ubavu na kuanza kukikata kwa pembeni mwa mdomo. "Ticha, mbona anakula upande upande?" Nikalichukua fuvu, nikaonesha lile gego kubwa liko wapi. Mkasi uko huko nyuma, na ili aufikie lazima ageuze kichwa. Chui naye ana meno 30 vile vile, nikawaambia, hata yule wa Unguja niliyemuona udogoni amejazwa pamba pale makumbusho ya Mnazi Mmoja. Somo likaishia hapo, kila mtu alitaka hadithi za wazee wa kusini waliosemwa kuwa wanafuga chui.

Springi nimeshaitoa, nimefunga taya kwa mshipi wa kuvulia na gundi. Magego ya chini nimeyapiga tupa jioni mbili mpaka yakapishana. Sasa ngozi ya kuku inakatika, si vizuri, lakini inakatika. Yale meno mawili nimeyaweka kwa nta ya mshumaa.

Nilimpigia muuzaji. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, mafuvu yote ndivyo yanavyokuja." Nikamuuliza kama mguu unauzwa peke yake. Hauuzwi. Mguu naupa nyota tano, fuvu mbili. Na ukiagiza, fungua boksi pale pale bandarini uhesabu magego kabla hujamlipa mtu wa boti.