Mashuka yamepauka: ununue rangi ipi?

Kabla hujatoa hata shilingi, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la shuka ulichome kwa kiberiti. Ukiungua kama karatasi na kuacha jivu laini, hiyo ni pamba. Ukijikunja, ukayeyuka na kuacha kidonge kigumu, hiyo ni poliesta, na hakuna rangi hata moja katika hizi nitakazozitaja itakayoshika vizuri. Mapazia mengi ya dukani yako kundi hilo, yaache. Tetroni ni mchanganyiko: pamba yake itapokea, poliesta itakataa, utapata rangi hafifu kuliko uliyotaka. Khanga kuukuu, mashuka ya pamba, foronya na vitambaa vya meza, hapo ndipo hela yako iende.

Halafu hesabu maji. Aliyeko Newala au Tandahimba anajua dumu moja lina thamani gani wakati wa kiangazi. Rangi ya bei chee inayotaka madumu manne ya kusuuzia imeshakula faida yake. Kwa hiyo nimezipanga kwa gharama yote: rangi yenyewe, mkaa na maji.

Ya kwanza kwangu ni rangi ya batiki, ile ya unga inayoyeyushwa kwa dawa mbili, kostiki soda na haidrosalfaiti. Inataka maji ya moto ya kuyeyushia tu, mkaa hauliwi sana, na ikishashika, jua wala sabuni ya mche haviiondoi kirahisi. Kazi yake utaiona kwa macho. Mara nyingi kitambaa hutoka kwenye beseni kikiwa na rangi ambayo siyo uliyoinunua. Unakitandaza kwenye kamba, hewa inakipitia, na ndani ya dakika chache kinaanza kugeuka kutoka pindoni kwenda katikati mpaka rangi yenyewe inajitokeza. Usisuuze kabla hakijageuka chote.

Usinunue kopo zima. Mtafute mtengenezaji wa batiki mtaani kwenu, umwombe akupimie kiasi cha vitambaa vyako pamoja na dawa zake mbili, akuambie na vipimo. Pima kitambaa kikiwa kikavu kwenye mzani wa duka: kwa rangi ya wastani anzia gramu 20 hadi 40 za unga kwa kilo 1 ya kitambaa, nyeusi inaweza kutaka mara mbili yake. Majirani wawili mkichanga, mnachovya siku moja. Wa kwanza atapata iliyokolea, wa pili iliyofifia kidogo, basi elewaneni mapema.

Kostiki inaunguza ngozi na macho. Tia kostiki kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki. Vaa glavu, tumia beseni la plastiki, kwa sababu sufuria ya alumini inaliwa na kostiki huku ikitoa gesi inayoweza kuwaka. Kama una watoto wadogo na hakuna wa kuwashika, ruka hadi inayofuata.

Ya pili ni rangi ya paketi, ya kuchemsha na chumvi. Haina hatari ile, na chumvi huku pwani si ya kutafuta. Chumvi ndiyo inayoisukuma rangi iingie kwenye pamba, usiibanie. Ila itakula mkaa wa nusu saa na zaidi, na itachuja mifuo ya mwanzo, kwa hiyo kitambaa hicho kifue peke yake. Sufuria utakayotumia isirudi jikoni.

Ya tatu ni maganda ya vitunguu, unayapata bure sokoni. Yachemshe, chuja, tia humo kitambaa ulichokwisha kukilowesha kwenye maji ya shabu. Utapata manjano ya dhahabu au kahawia. Kwa foronya mbili inapendeza, kwa shuka zima utahitaji gunia. Mikoko usiibandue magome kutafuta rangi, ni msitu wa hifadhi. Na maganda magumu ya korosho usiyachemshe, mafuta yake yanababua mikono.

Ya mwisho, na naomba usiinunue kwa nguo, ni rangi ya ukindu. Ni rahisi kupatikana na inang'aa kuliko zote. Nilichovya foronya nne nyekundu. Dumu la tatu la kusuuzia maji yalikuwa bado mekundu, nikaanika hivyo hivyo. Usiku wa joto ulipofika, mwanangu aliamka shavu limekuwa jekundu kwa rangi, na godoro lina doa mpaka leo. Rangi ile hushikana na majani ya mikeka; kwenye pamba inakaa juu juu, jasho likija inahama.

Uzi wa cherehani mara nyingi ni poliesta, hivyo mishono ya shuka jeupe itabaki myeupe. Na palipodondokewa na jiki patabaki hafifu hata ukichovya, kwa hiyo shuka lenye alama hizo chagua rangi nzito.