Uzoefu wangu: tuisheni ya msamiati wa Kiingereza Mukherjee Nagar, Delhi

Nasomea uzamili hapa Delhi, na Kiingereza changu cha kuandikia kilikuwa kinazunguka kwenye maneno yale yale: good, bad, very important. Mwenzangu wa chumba, binti wa Patna, akanishawishi tujiunge na tuisheni ya msamiati Mukherjee Nagar, mtaa unaojulikana India nzima kwa vijana wanaojiandaa na mitihani ya ajira serikalini. Somo linafundishwa kwa Kihindi, maana walengwa ni waliosoma kwa Kihindi tangu shule ya msingi. Kihindi changu cha sokoni kilinivusha, na kwa Mtanzania aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, mahangaiko ya wale vijana hayakuwa mageni.

Mwalimu, ambaye wote wanamwita Sir, ana kipaji cha kulikaza neno kichwani. Cajole alilifundisha kwa kuigiza kijana anayembembeleza Kajol, yule mwigizaji, aache kununa. Ukumbi mzima ulicheka, na sidhani kama kuna aliyelisahau. Chide akalifunga na chidh, kuudhika kwa Kihindi: mtu ukimkaripia, ataudhika. Halafu anahamia kwenye mizizi ya Kilatini, na hapo ndipo pesa yangu ilipolipa. Ukishajua kwamba -cide ni kuua, basi homicide, genocide na regicide huna haja ya kuyakariri moja moja, na hata usilowahi kuliona unaweza kulikisia.

Kijitabu chao, kinachouzwa kando, ndicho kilichonichosha. Kila neno limepewa maana kwa Kihindi kizito chenye Kisanskriti kingi, kile cha nyaraka za serikali. Benevolent (mwenye kutendea watu wema) ni paropkari, ubiquitous (kilichopo kila mahali) ni sarvavyapi. Mwenzangu, aliyesoma kwa Kihindi maisha yake yote, kuna kurasa ilibidi atafute maana ya maana! Sir mwenyewe akifika kwenye tyrant anasema zalim, darasa linaelewa, nami nasikia dhalimu wetu papo hapo. Kijitabu kimeandika atyachari.

Shida kubwa zaidi iko kwenye lengo la darasa. Wengi pale wanawania SSC CGL, mtihani wa kuajiri wahitimu wa vyuo serikalini, ambao hatua yake ya kwanza ina maswali 25 ya Kiingereza, yote ya kuchagua jibu, na ukikosea unakatwa nusu alama. Kwa hiyo unafundishwa kulitambua neno likiwa kati ya majibu manne, basi. Kulitumia utajua mwenyewe. Garrulous utaambiwa ni mtu anayeongea sana, sawa na loquacious, sawa na talkative, twende neno linalofuata. Hakuna anayekwambia kwamba garrulous lina kebehi ndani yake, na kwamba ukimwita hivyo mgeni rasmi umemvunjia heshima mbele za watu. Kwa mtu anayeandika tasnifu, hilo ni pengo kubwa.

Vipindi vya kusaka makosa kwenye sentensi za Kiingereza vilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Discuss about, return back, cousin brother, ambapo neno la pili halihitajiki: haya yote tunayasema Dar na Nairobi bila kupepesa macho.

Pengo la matumizi nililiziba kwa The Hindu, gazeti la Kiingereza lililoanzia Madras mwaka 1878. Tahariri yake inasomwa na vijana wa mtaa ule kwenye vibanda vya chai, kalamu mkononi. Neno la darasani nikilikuta humo, nanakili sentensi nzima, nione limekaa na nani na linamsema nani. Mwenzangu anafanya hivyo hivyo, ila yeye anaandika tafsiri kwa Kihindi cha nyumbani kwao, si kile cha kijitabu.

Ada ni rupia 3,000 kwa kozi nzima, na kwa Delhi hiyo ni nafuu. Ukumbi umebanana, ukichelewa utakaa nyuma ya nguzo umtazame Sir kwenye runinga.

Nampa nyota tatu kati ya tano. Kama una mtihani wa kuchagua majibu, ongeza ya nne. Kipindi cha kwanza ni bure, kwa hiyo wahi kiti cha mbele, ulizia ratiba ya vipindi vya mizizi, na kijitabu waachie wenyewe.