Watatu kwa watatu, siku moja, podi moja: tumecheza na hesabu nimepiga

Mimi ni kapteni wa timu na mimi ndio nakusanya michango, kwa iyo hela ya peintiboli, mchezo wa timu kupigana kwa vidonge vya rangi, inakoenda naijua vizuri kabisa. Tulianza tukiwa tisa, tukabaki sita, sahizi tuko wanne, na hakuna hata mmoja aliyeondoka kwa sababu hapendi mchezo, wote waliniambia kitu kimoja, kapteni mfuko umekataa. Ndio maana nilivyoona kuna mashindano ya siku moja, watatu kwa watatu, bunduki za mekanika tupu (zisizo za umeme), hopa moja (kibakuli cha vidonge juu ya bunduki) na podi moja (kopo la vidonge vya akiba kiunoni) kwa kila mchezaji, nilisajili timu siku iyo iyo bila hata kuwauliza wenzangu. Tumeenda, tumecheza, tumerudi, na naandika hii kwa ajili ya makapteni wengine ambao wako mbioni kuvunja timu, na kama kuna muandaaji anasoma basi na yeye pia.

Tuanze na gharama. Watu wakisikia mashindano ni ghali wanaangalia ada ya kuingia, na waandaaji nao wakitaka kuvutia timu wanapunguza ada kidogo alafu wanashangaa mbona timu bado haziji. Ada sio tatizo jamani. Tatizo ni rangi, yaani vile vidonge vya kupigia. Boksi moja lina vidonge 2000, na kwenye watano kwa watano za kawaida, na bunduki za umeme zinazoruhusiwa kutema kama vidonge 10 kwa sekunde, hopa ya vidonge 200 inaisha ndani ya sekunde 20. Sekunde 20! Mchezaji anaingia na hopa imejaa na podi tano kiunoni, kila podi ina 140, hapo kabeba vidonge 900, zidisha mara watano unapata 4500, yaani maboksi mawili na zaidi yameingia uwanjani kwa ajili ya pointi moja, yaani raundi moja tu, na mechi inaenda mpaka timu moja ifikishe pointi nne au zaidi. Sisemi yote yanapigwa, kuna watu wanatolewa sekunde ya tatu na podi zote bado zimejaa, ila hata mkipiga nusu tu, fikiria mechi nne za makundi zinakula maboksi mangapi, alafu weka ada ya kuingia pembeni ya iyo bili uone kipi kikubwa.

Hapa kila mtu anaingia na 340, watatu ni 1020, nusu boksi na kidogo kwa pointi ikiwa mmepiga mpaka kidonge cha mwisho, na hatukuwahi kufika cha mwisho kwa sababu ukishajua una podi moja tu unaanza kukiheshimu kila kidonge. Mechi ni anayetangulia kufikisha pointi mbili. Tulicheza mechi sita kutwa nzima tukatumia maboksi matatu na tukabakiza kama mia nne hivi. Kwenye mashindano makubwa ya mwisho tuliyoenda, maboksi matatu yaliisha kabla ya saa sita mchana siku ya kwanza, na siku zilikua tatu.

Lakini kilichotuokolea hela nyingi zaidi wala sio iyo podi moja, ni ramani. Hiki kitu hakisemwi sana na mimi naona ndio mzizi wa tatizo lote. Kwenye ligi kubwa ramani ya uwanja, yaani mpangilio wa banka (yale maboya ya hewa ya kujificha nyuma yake), inatolewa mapema kabla ya mashindano. Timu yenye uwezo inaenda kuupanga uwanja uleule nyumbani kwao na inapiga mazoezi wikendi baada ya wikendi, wanajua kabisa ukikimbilia kona ya kushoto kuna upenyo kati ya banka mbili wa kukupiga ukiwa bado unakimbia. Sasa wewe usipofanya mazoezi kwenye ramani iyo unaenda kuchinjwa, kwa iyo na wewe unanunua rangi ya mazoezi. Msimu uliopita niliandika kila kitu kwenye daftari, maboksi 18 yalienda kwenye mazoezi ya ramani moja, na kwenye mashindano yenyewe tukapiga 11. Yaani tulilipa zaidi kujiandaa kuliko kucheza! Na ile bili ya mazoezi muandaaji haioni, haipo kwenye tangazo lake, ila mchezaji wangu anaiona na ndio inayomfanya aache kupokea simu zangu.

Hapa ramani tuliiona asubuhi ileile. Banka zilikua zimeshajazwa hewa, tukapewa nusu saa kutembea uwanjani bila bunduki, timu zote 16 pamoja, watu wanachuchumaa nyuma ya kila banka wanaangalia nani anamuona nani. Iyo nusu saa ilikua tamu sana. Unamuona kapteni wa timu nyingine kalala kifudifudi kwenye nyoka, ile banka ndefu ya chini ya kutambaa, anapima kama kichwa kinaonekana kutokea upande wa pili, na wewe unafanya hivyohivyo, na wote hamjui zaidi ya mwenzenu. Uwanja wenyewe ni kama nusu tu ya ule wa watano, ambao unakaribia mita 45 kwa 36, kwa iyo banka chache, nyavu chache, na nadhani kwa muandaaji pia ni unafuu mkubwa. Najua kuna watu watasema ramani ikitolewa mapema mchezo unakua wa kiwango cha juu, na kwa wale wa daraja la juu kabisa nakubali, wale ndio kazi yao, waachiwe. Ila sisi wa madaraja ya chini tunaoamka jumatatu kwenda kazini, ramani ya asubuhi ingeokoa timu nyingi sana.

Mchezo wenyewe sasa. Nilikua na wasiwasi kwamba mekanika itapoa, unavuta triga mara moja kinatoka kidonge kimoja, nikajua vijana watachoka baada ya mechi mbili. Nilikosea kabisa. Kwenye bunduki za umeme filimbi ikilia kunakua na ukuta wa rangi hewani, mchezaji wa mbele anakimbia anakutana nao, anatoka, anaenda kukaa benchi dakika tano akisubiri pointi inayofuata. Kwenye mekanika ukuta ule haupo. Mdogo wetu kwenye timu, ambaye mashindano yaliyopita sidhani kama aliwahi kufika banka ya pili, safari hii aliingia kwenye nyoka akatambaa mpaka katikati ya uwanja, akawatoa wawili kwa vidonge kama kumi hivi, na vile alivyotoka amevua maski macho yanang'aa mimi nilijua tu huyu haachi tena peintiboli. Watu wanasogea, wanaongea, wanasikilizana, unasikia kabisa mwenzako anapiga kelele "anapakia, nenda!" kwa sababu hakuna ule mngurumo wa bunduki kumi zinatema kwa pamoja.

Na tukumbuke mchezo huu ulianzia hukohuko kwenye kupiga kidogo. Juni 1981, New Hampshire kule Marekani, watu 12 waliingia msituni na bastola za kuwekea alama miti na ng'ombe, kila mtu peke yake, anakusanya bendera, na aliyeshinda alizikusanya zote bila kufyatua hata mara moja. Hata mara moja! Hata NXL ya Marekani, ligi ambayo bunduki za umeme ndio kwao, imeingiza mashindano ya mekanika ya kumi kwa kumi, kwa iyo hii sio habari ya wanaoanza tu.

Kitu kingine kizuri cha mekanika ni vifaa. Hopa ya kawaida isiyo na betri inatosha, na bunduki ya kukodi ya uwanjani inakubalika. Kulikua na timu ya wanafunzi watatu waliokodi kila kitu, maski, bunduki, tangi la hewa, wakashinda mechi mbili. Kwenye mashindano ya umeme wale watoto wasingethubutu hata kujiandikisha.

Hewa ya kusukumia vidonge ilikua imeingizwa kwenye ada na kompresa haikuzima hata mara moja, foleni ndogo. Walikagua tarehe za matangi pale mlangoni na walimkatalia jamaa mmoja ambaye tangi lake lilikua limepitisha miaka mitano bila kupimwa upya, alilalamika sana ila walikua sahihi, wakamuazima lingine. Spidi ya vidonge walipima kabla ya kila mechi, kikomo futi 280 kwa sekunde, kama mita 85 ivi, na ukitoka uwanjani bila soksi ya mtutu, kile kifuniko cha mdomo wa bunduki, unarudishwa. Hapo sina neno.

Ratiba nayo ilinifurahisha. Kule kwingine unacheza mechi saa mbili asubuhi, inayofuata saa tisa, katikati mko tu chini ya turubai mnaangaliana, na kwa sababu ni siku tatu mnalipa vyumba na wengine wanaomba ruhusa kazini. Hapa viwanja viwili, mechi zinafuatana, mapumziko marefu kwetu yalikua dakika 40, saa kumi na moja jioni fainali imeisha na watu wanapakia mizigo. Usiku ule wote tulilala makwetu.

Sasa mabaya, maana yapo.

Rangi waliyouza haikua nzuri. Sheria ilikua unatumia rangi ya hapohapo tu, na sheria iyo naielewa, muandaaji anapata faida yake hapo na refa anajua rangi ya ujiuji uliomo kwa iyo hadanganyiki kirahisi. Ila ukinilazimisha kununua kwako basi nitunzie. Maboksi yalikua yamekaa juani toka asubuhi. Gamba la kidonge ni jelatini, sawa na vidonge vya dawa, joto na unyevu vinalilainisha na kulivimbisha, kwa iyo mchana vidonge vingine vilikua kama yai, havina uduara, vinapasukia ndani ya mtutu na kinachofuata kinaenda popote. Nilipoteza pointi moja nzima nikisafisha mtutu nyuma ya banka. Na kwa vile una podi moja tu, kidonge kibovu kinauma mara mbili. Kivuli na ubaridi kidogo tu vingetosha, au basi waruhusu timu zije na rangi zao na kuweka tozo ndogo kwa kila boksi, mimi ningelipa bila kulalamika.

Waamuzi. Ili kushusha ada, timu ambayo haichezi ndio inatoa marefa, na refa mkuu mmoja tu ndio wa kulipwa. Wazo zuri na lilipunguza ada kweli, ila walituwekea marefa kutoka kundi letuletu, watu ambao sisi tukifungwa wao wanapanda. Mchezaji wetu aliitwa nje kwa alama ambayo mimi mpaka leo naamini ni matone tu ya kidonge kilichopasukia kwenye banka, sio pigo, na mechi iyo ndio ilitunyima nusu fainali. Simtuhumu yule refa kwamba alifanya makusudi. Ila usimuweke mtu mahali ambapo lazima watu watamshuku! Kundi A liamue mechi za kundi B na B waamue za A, haiongezi hata senti kwenye gharama. Na wapewe dakika kumi asubuhi za kuonyeshwa pigo halali ni lipi na mtu akijifuta rangi baada ya kupigwa adhabu yake ni ipi, maana wengine ilionekana kabisa wanakisia.

Alafu kuna ile timu iliyojiandikisha daraja la wanaoanza na wawili kati yao tumewahi kuwaona wakicheza juu sana. Waliwafunga wale wanafunzi kwa sekunde kama 30. Kusema ukweli hii iliniumiza kuliko kufungwa kwetu sisi, kwa sababu wale watoto ndio mnaowataka warudi. Ligi kubwa zinafuatilia daraja la kila mchezaji kwa namba yake, hapa hata daftari moja la majina na matokeo lingesaidia, mtu akishinda mara mbili apande juu, basi.

Zawadi hazikua pesa, mshindi alipata maboksi ya rangi na kuingia bure mara ijayo, alafu wakapigisha bahati nasibu ya vifaa kwa timu zote zilizobaki mpaka mwisho. Naunga mkono kabisa. Zawadi nono ya pesa inatoka kwenye ada za timu zilizoshika mkia, na ndio inayowaleta wakali kushuka daraja. Watazamaji walikua wachache ila walikua na kipaza sauti na mtu anaeleza nini kinaendelea, mama yake mchezaji wetu mmoja alikaa nyuma ya nyavu mpaka fainali na jioni alikua anatueleza yeye nani alikosea wapi. Ubao wa matokeo haukuwepo, ulikua unauliza tu kwa watu.

Mimi nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata siku wakiiweka rangi kivulini na kubadilisha marefa. Nimeshalipia ya mwezi ujao, timu mbili safari hii, maana wawili kati ya wale walioondoka nimewatumia picha ya daftari la matumizi wakanijibu usiku uleule, na mmoja ameuliza kama bunduki yake ya zamani ya mekanika bado iko kwenye stoo yangu. Ipo, na nimeshaipaka mafuta.