Darasa la Jumamosi lililonifungulia "-te iru"

Programu ya simu ya kujifunza Kijapani nimeilipia miezi minne mfululizo, na ilichonifundisha vizuri ni kuagiza chai ya kijani, ambayo siinywi. Kwa hiyo hapa nalisifia darasa la yen 200 kwa siku, linalofundishwa na wastaafu wa kujitolea kwenye kominkan, ukumbi wa mtaa ulio nyuma ya kituo chetu cha treni.

Mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi yadi ya magari yaliyotumika karibu na bandari ya Nagoya. Magari yanatoka mnadani, nayapokea, nayakagua, yanasubiri meli. Siku moja bosi akapiga simu kuulizia Hiace ya mteja wa Dar. Dereva alikuwa bado barabarani. Nikajibu kwa kujiamini kabisa, "Kite imasu," nikidhani nimesema linakuja. Bosi akashuka na makaratasi yake, akaizunguka yadi nzima kwenye mvua akilitafuta. Kumbe nimemwambia limeshakuja, lipo.

Kosa lilitoka kwenye ile programu. Inafundisha kwa Kiingereza, na inakuambia "-te iru", mwisho wa kitenzi (kwa adabu "-te imasu", kama nilivyomjibu bosi), ni kitendo kinachoendelea, basi. Kwa "tabete iru" ni kweli: mtu anakula. Lakini "shinde iru" si mtu anayekata roho, huyo ameshakufa. "Kekkon shite iru" si bwana harusi aliye mbele ya shehe. Ni mtu aliyeoa, hata kama ni miaka thelathini iliyopita.

Jumamosi ya pili nikamsimulia Sensei, yaani mwalimu wetu, bibi mmoja aliyefundisha shule ya msingi maisha yake yote. Hakunipa kanuni. Alininyooshea kidole nilipokuwa kwenye kiti, akasema "suwatte iru," kisha akauliza kwetu tunasemaje. Nikajibu: nimekaa. Akasimama: "tatte iru." Amesimama. Akashika sweta lake: "kite iru," kitenzi kingine, si kile cha kuja. Amevaa. Mwenyewe nikaanza kucheka. Miezi minne nahangaika na Kiingereza, na jibu ninalo mdomoni tangu utotoni! Sisi hatusemi "anasimama" kwa mtu aliyekwisha kusimama. Tuna -na- na tuna -me-, Wajapani wanavibeba vyote viwili kwenye "-te iru" moja, na kitenzi chenyewe ndicho kinachokuambia ni kipi.

Tangu siku hiyo yadi nzima imegeuka daftari. "Sabite iru," limepata kutu. "Hekonde iru," bodi imebonyea. "Panku shite iru," lina pancha. "Batterii ga agatte iru," betri imekufa, ingawa neno lenyewe ni la kupanda juu, na sababu Sensei alinieleza sikuielewa. Gari lisilofika sasa nasema "mada kite imasen," halijaja, na bosi anabaki ofisini kwake na kahawa yake.

Kuna mzee mwingine pale, mtu wa Hiroshima, ambaye humchokoza Sensei kwa lahaja ya kwao. Theluji ikiwa inaanguka, anasema "furiyoru." Ikiwa imeshaanguka na imetanda chini, "futtoru." Yaani kwao -na- na -me- zimetengana kama kwetu! Nilimwambia angefika Tanga angezungumza ndani ya wiki. Sensei akakunja uso, akatuambia mwanaisimu Kindaichi Haruhiko alishavigawa vitenzi vya Kijapani mafungu manne kwa habari hii hii mwaka 1950, tuache kelele.

Msije mkadhani Kiswahili kinamaliza kila kitu. "Shitte iru" ni najua, "sunde iru" ni naishi, hapo -me- haiingii. Na ukikanusha kujua, husemi "shitte imasen", ni "shirimasen." Nililisema lile la kwanza, Mnepali aliyekaa pembeni yangu akanisahihisha kabla ya mwalimu. Halafu kuna "aite iru" na "akete aru." Mlango wa gari uko wazi, hilo ni la kwanza. La pili, kuna mtu kaufungua kwa makusudi yake na kauacha hivyo, kwa hiyo usiufunge. Hili nalo limeniepusha na ugomvi na fundi wa kukausha mazulia.

Kasoro zipo. Walimu wanapokezana, na asipokuja Sensei unaweza kupangiwa kijana anayesoma fotokopi toka juu mpaka chini. Cheti hakuna, na anayetafuta JLPT, mtihani wa kupima Kijapani cha wageni, atafute kwingine. Maegesho ni ya magari matatu. Nendeni na ndara zenu, za pale ni ndogo, kisigino kinabaki sakafuni.

Nyota nne. Ya tano imeliwa na hita ya mafuta ya taa: tangu Januari koti langu linanuka kama jiko la mchina.