Matone au keni: kumwagilia bustani kiangazi na masika

Kiangazi, mipira ya matone, yenye matundu madogo ya kudondosha maji, inashinda. Pipa la lita 200 lililoinuliwa mita 1 hupeleka maji polepole kwenye mizizi, majani ya nyanya hayalowi, na ukisafiri jirani anafungua koki tu. Keni, chombo cha mkono cha kumwagilia, ni rahisi kununua na haina cha kuharibika, ila jua la Januari litakudai asubuhi na jioni.

Tatizo la matone ni matunzo. Maji ya kisima, hasa Pwani, mara nyingi yana chumvi na chokaa. Matundu huziba kimyakimya, nawe unashtukia mche mmoja umenyauka katikati ya mstari uliolowa. Weka chujio, na kila baada ya wiki mbili fungua ncha za mipira hadi maji yatoke safi.

Masika mambo hugeuka. Zamisha kidole udongoni sentimita 5. Kukiwa na unyevu, funga koki. Pipa lifunikwe au limwagwe, lisizalishe mbu. Hapo keni inatosha kabisa.

Matuta mawili karibu na bomba hayahitaji mipira. Kama ni kumi na unashinda kazini, matone yanafaa, mradi utasafisha chujio.