Robo saa ndani ya kikanisa cha Scrovegni: uzoefu wangu wa Padova

Mimi na mke wangu tulikwenda Italia kwa likizo ya siku tisa, na wakala aliyetupangia safari aliijaza ratiba yote kwa Roma na Venezia. Mji wa Padova (au Padua) tuliuongeza wenyewe. Mke wangu amelelewa katika parokia ya Mtakatifu Antoni wa Padua na alitamani tangu utotoni kufika kwenye kaburi lake. Mimi nilitaka kukiona kikanisa cha Scrovegni, ambacho mchoraji wa Italia, Giotto, alizichora kuta zake mwanzoni mwa karne ya 14. Kutoka Venezia ni takriban nusu saa kwa treni, na siku hiyo moja ndiyo iliyotukaa moyoni kuliko zote.

Anayetaka kuingia Scrovegni akate tiketi mapema, kwa siku na saa maalumu. Wakala wetu alituambia tungeipata mlangoni, lakini tulipofika nafasi zote za siku ile zilikuwa zimejaa, na lau tungemsikiliza badala ya kukata mapema tungeishia kuuangalia ukuta wa nje. Kabla ya kuingia, kundi lisilozidi watu 25 hukaa robo saa katika chumba cha vioo ambamo hewa hurekebishwa, ili unyevu na vumbi tunavyokuja navyo visiharibu rangi zilizodumu zaidi ya miaka 700. Wapo walionung'unika kwa kusubirishwa. Kwangu mimi kusubiri huko kulikuwa sehemu ya huduma, kwa sababu mlango unapofunguliwa unakuwa umekwisha kutulia.

Ndani unapewa robo saa nyingine. Dari ni la buluu iliyokolea, lenye nyota za dhahabu, na kuta zinasimulia kwa safu habari za Yoakimu na Ana, wazazi wa Maria, za Maria mwenyewe, kisha za Yesu. Nawashauri msijaribu kuona kila kitu. Mimi nilisimama muda mrefu mbele ya picha ya maombolezo: Maria amempakata mwanawe, uso umekaribia uso, kama mama anavyomwinamia mtoto wake wakati wa kumuaga, mbele yao wameketi watu wawili waliojifunika, wametugeuzia mgongo, nasi tunauona uchungu wao kwa jinsi mabega yalivyoinama tu. Juu angani malaika wanalia, mmoja amejishika mashavu, mwingine ametanua mikono, na hakuna anayelia kama mwenzake. Nimeiona picha hiyo vitabuni mara nyingi, lakini sikuwahi kuwasikia wale malaika.

Katika basilika ya Mtakatifu Antoni mahujaji hupita nyuma ya kaburi na kuweka kiganja juu ya marumaru. Mke wangu aliweka wake, akasali kwa Kiswahili, na hakuna aliyemharakisha.

Chakula tulikitafuta katika soko lililo chini ya Palazzo della Ragione, jumba lililoanza kujengwa mwaka 1218, ambako wauza nyama na jibini wamepangana bega kwa bega. Karibu na hapo tulikula bigoli, tambi nene zinazokamuliwa kwa mashine, pamoja na mchuzi wa bata uliopikwa polepole hadi nyama ikaachana na mfupa. Hiki ndicho chakula bora tulichokula katika safari nzima. Bili ilikuwa na coperto, yaani tozo ya kila anayeketi mezani. Ni desturi yao, msidhani mmeibiwa.

Tulimalizia kwenye mkahawa wa Caffè Pedrocchi, uliofunguliwa mwaka 1831, kwa kahawa yao yenye krimu ya mnanaa na unga wa kakao juu. Haikorogwi: kahawa ya moto inapita katikati ya krimu ya baridi. Mimi niliyekulia kwenye kahawa chungu ya vikombe vidogo nilihofia kwamba mnanaa ungeiharibu, lakini uchungu wake ulibaki vilevile, na nikaagiza kikombe cha pili.

Nikijaliwa kurudi, nitalala Padova usiku mmoja na kukata tiketi mbili za kikanisa, ya jioni na ya asubuhi inayofuata.